Sauti Namba Arobaini na Moja

Sauti ya baba niliitambua kwa kikohozi, kabla hajasema neno hata moja.

Ni kile kikohozi chake cha asubuhi, kifupi, cha mtu anayetaka afunguliwe mlango. Baada yake nikasikia kiti kikisogezwa, kuku akifukuzwa, kisha mwanamume mwingine akasema kwa upole, "Mzee, ukiwa tayari tuanze." Huyo wa pili sikuhitaji kikohozi ili nimjue. Ilikuwa sauti iliyonibembeleza karibu miaka miwili, na Jumamosi hiyo mwenye sauti alikuwa aje kwetu pamoja na mjomba wake, kujitambulisha kwa wazazi wangu.

Nikavua hedfoni. Nikaangalia kompyuta. Namba arobaini na moja. Nikazivaa tena.

Wewe unayesoma huenda hukijui Kituo chetu, kwa hivyo nikueleze upesi kabla hasira haijanipanda upya. Kiko kilimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kabianga, na mashamba ya chai yanakizunguka pande zote. Wageni wanaotaka kuishi na kufanya kazi na watu wetu, walimu, wauguzi na watafiti, hukaa hapo wiki sita wakifundishwa kusalimia, kula, kuuliza na kunyamaza. Upande wa pili wa jengo tunahifadhi sauti za wazee wa jamii mbalimbali wakieleza maisha yao. Majina yao hayaandikwi popote. Kila mzee ana namba, na kazi yangu mimi Chepngeno ni kusikiliza na kuandika neno kwa neno.

Otiende ndiye anayeenda mashambani na rekoda. Yeye ni Mjaluo, mtu wa upande wa ziwa, lakini amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, baba yake akiwa fundi kiwandani. Kipsigis, lugha yetu, anaiongea vizuri kuliko baadhi ya binamu zangu. Tulipendana darasani, mbele ya watu. Madam Nyamwange, mkuu wetu, alikuwa ametupanga tuigize somo la kumpokea mgeni: mimi mama wa nyumba, yeye mgeni. Tuliigiza wiki baada ya wiki bila matatizo. Siku moja nikamshika mkono kumkaribisha na nikasahau kuuachilia. Wanafunzi wote wakainama wakaandika kwenye daftari kwamba katika jamii hii mkono wa mgeni hushikwa kwa muda mrefu. Hatujawasahihisha mpaka leo.

Sasa turudi kwenye ile sauti.

"Mzee," Otiende akauliza, "kijana wa kutoka upande wa ziwa akija kuoa hapa, mtampokea?"

"Kwa chai, ndio," baba akajibu. "Chai ni ya kila mtu."

"Na kama ni binti yako mwenyewe?"

Kikohozi.

"Sasa sikiliza. Mimi niko na msichana mmoja tu. Kama bado niko hai, koito yake haitakaliwa na watu wa ziwa. Andika hivyo hivyo."

Koito, kwetu, ndiyo siku ambayo wazee wa pande mbili huketi pamoja na kukubaliana juu ya ndoa. Bila hiyo, hata ukiishi na mtu mkapata wajukuu, bado mnahesabiwa kama watu waliopotea njiani.

"Kwa nini, Mzee?"

"Zima hiyo kitu kwanza."

Ikazimwa. Ilipowashwa tena baba alikuwa akieleza namna ya kuosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na sauti yake ilikuwa inakwaruza, sauti ya mtu aliyetoka kufuta macho.

Nikatazama tarehe. Miaka minne iliyopita. Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha Kipkelion na sikuwa nimemwona Otiende hata kwa picha. Faili yenyewe ilikuwa na alama nyekundu, maana yake ilitengewa Kimeli mwenzangu, lakini mke wa Kimeli alikuwa amejifungua na mimi, kwa roho yangu nzuri, nikaamua kumpunguzia kazi. Roho nzuri imewahi kuniponza, lakini si hivyo.

Otiende akaingia saa tisa alasiri akitoka Merigi kupeleka wanafunzi kwa familia watakazokaa nazo. Viatu vyake vilikuwa na matope, na mkononi alikuwa na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwa gazeti. Akatabasamu vile anavyotabasamu, upande mmoja kwanza, halafu wa pili ukifuata polepole. Kisha akaona namba kwenye kompyuta na upande wa pili haukufika.

"Umefungua ya Kimeli," akasema.

"Usiniambie habari ya Kimeli."

"Ngeno..."

"Ulijua! Baba alikwambia kwa mdomo wake, ukarekodi, ukaweka namba, halafu ukanipenda!"

Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Sikujua ni baba yako. Kwangu alikuwa Mzee Johana wa kule juu, basi. Nilikuja kujua ile siku ya mvua nilikusindikiza mpaka kwenu. Nikaona kile kiti nje ya jiko. Nilikuwa nimekikalia."

"Na wakati huo ulikuwa umeshanipenda?"

"Wakati huo nilikuwa nimeisha kabisa."

Ingekuwa siku nyingine, neno hilo lingenikalisha chini. Siku hiyo liliniongezea moto.

"Kwa hivyo miaka miwili umeninyamazia."

"Mwaka mmoja na miezi minane."

"Usinihesabie! Jumamosi ungekuja na mjomba wako Jairus, mzee wa watu, mkae kwetu mkijua mtafukuzwa?"

"Mjomba hajui. Mimi ndio najua. Na ningekuja tu. Nilifikiria pengine akiniona mimi, si rekoda, atajibu tofauti. Hata viatu nimenunua."

Nikaangalia pembeni ili asione jinsi hivyo viatu vilivyonichoma moyo. Otiende si mtu wa kununua viatu. Ana jozi moja, na hiyo moja huitengeneza mwenyewe.

"Sawa," nikasema. "Nataka kitu kimoja. Alikwambia nini ulipozima?"

Akatazama matope kwenye viatu vyake.

"Otiende. Alisema nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Mimi ni mtoto wake."

"Ndio maana hasa siwezi. Ngeno, wewe mwenyewe unawafundisha hawa wageni. Ikizimwa, imezimwa. Mzee alinifungulia roho yake kwa sababu nilimwapia haitatoka pale tulipokuwa tumekaa. Nikivunja hiyo leo kwa sababu nakupenda, kesho nitavunja yako kwa sababu gani?"

"Sijakuomba mafundisho. Hayo maneno ndiyo yananinyima ndoa! Nikijua sababu, nitajua pa kuanzia. Nikikaa gizani nitabishana na nini?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe, uliyesema utakuwa mume wangu."

Akanitazama. Macho yake ni ya mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa wa kuudhi kwa sababu haukusogea hata kidogo. Nilimpenda kiasi cha kuumia. Nami ninapoumia huwa nasema yale nisiyopaswa kusema.

"Basi chagua," nikasema. "Uniambie sasa hivi, ama Jumamosi usije."

Nje, wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya kusalimiana, na sauti zao zilitufikia dirishani: chamgei, chamgei, chamgei mising. Otiende akaweka yale mahindi juu ya meza yangu, taratibu, upande usio na karatasi.

"Sitakuja, jaber," akasema, akiniita mrembo kwa lugha yao. "Yamepoa kidogo, lakini ni laini."

Akatoka. Nililia, na mahindi nikayala. Mtu asinicheke.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya miti. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko akisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, kile kibuyu kikubwa cha wageni, akikiandaa kwa Jumamosi. Kuona kile kibuyu nikavunjika upya. Baba alikuwa hatua chache kutoka hapo, akikamua.

"Baba," nikasema bila hata kusalimia, "kwa nini watu wa ziwa wasikalie koito yangu?"

Mikono yake ikaendelea. "Nani amekwambia hivyo?"

"Wewe. Nimesikia kwa masikio yangu kule kazini. Namba arobaini na moja."

Mikono ikasimama. Ng'ombe akageuka kumwangalia. Mama naye akaacha kusugua.

"Na huyo kijana," baba akauliza polepole, "amekwambia nini tena?"

"Hajaniambia kitu! Nimemuuliza mara tatu ulisema nini baada ya kuzima, amekataa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na ndiye mgeni wetu wa Jumamosi. Nimemwambia aseme, ama asije. Amechagua asije."

Baba alikaa pale kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, akitazama maziwa.

"Hata kwa hilo," akasema mwishowe, lakini hakuwa akisema na mimi.

"Hata kwa hilo! Sasa wewe niambie."

"Ngoja nimalize ng'ombe."

Akamaliza ng'ombe, akapeleka maziwa, akaenda kuangalia ua wa shamba ambao hakuna aliyekuwa ameubomoa. Hakurudi mpaka chakula kilipopoa. Mama hakumuuliza ni siri gani. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni. Mama yangu Phyllis huuliza hata bodaboda anakopeleka gunia la jirani.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya somo letu. Madam Nyamwange hakujua kwamba mama wa nyumba na mgeni wake hawasemezani. "Haraka, haraka," akasema akipiga makofi, "wanafunzi wanangoja." Kwa hivyo nikajifunga leso, nikasimama kwenye mlango wa kuigiza, na Otiende akaja kutoka upande wa miti akibisha hodi. Alikuwa amevaa viatu vipya. Nilijua kwa nini: alitaka vizoee miguu kabla ya Jumamosi, na sasa Jumamosi haipo na vyenyewe vimeshanunuliwa.

Nikampa ncha za vidole. Tatu tu. Yeye akazipokea kana kwamba nimempa mkono mzima. Wanafunzi kumi na wawili wakaandika.

"Samahani," akauliza binti mmoja Mholanzi, "wiki iliyopita mkono ulishikwa kwa muda mrefu. Leo ni mfupi. Tofauti ni nini?"

"Inategemea mgeni amefanya nini," nikasema.

"Ama inategemea mwenyeji amelalaje," Otiende akasema taratibu.

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu, na hilo jibu lingeandikwa na watu kumi na wawili wa nchi nne, niliposikia kikohozi nyuma yangu.

Baba alikuwa amesimama kwenye nyasi na koti lake la matanga, lile jeusi, limefungwa vifungo vyote. Hakuwa amewahi kukanyaga Kituo tangu nianze kazi pale. Wanafunzi walidhani ni sehemu ya somo na wakageuza ukurasa. Akanipita mimi, akampita Madam Nyamwange, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa Otiende.

"Oyawore," akasema.

Niliangalia nyuma nione ni nani aliyesema. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wajaluo, na haikuwa imetamkwa kama mtu aliyeisikia sokoni. Baba aliitamka kama mtu aliyewahi kuingojea kila siku.

Otiende akainama kidogo. "Oyawore ahinya, Mzee."

"Kuna mahali tunaweza kukaa? Na huyu msichana pia."

Tukaingia chumba cha sauti, sisi watatu na viti viwili. Otiende akabaki wima. Baba akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu. Ilikuwa nakala ya fomu ya kukubali kurekodiwa aliyotia sahihi miaka minne iliyopita. Aliitunza pamoja na cheti cha ubatizo.

"Chepngeno," akaanza, "huyu kijana hatakwambia, kwa hivyo nitakwambia mimi. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa nachuma chai kwa kampuni. Kwa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi kulikuwa na msichana anaitwa Wilkista. Baba yake alikuwa kwa boila ya kiwanda. Alikuwa ananingoja asubuhi pale kwa kikapu, ananisalimia kwa lugha yao mpaka nikajua kujibu."

Nikamwona baba yangu akiwa na miaka ishirini na mbili, na ilinitisha jinsi alivyokuwa kijana.

"Ulimpenda?" nikauliza.

"Sana." Alisema hivyo bila kupepesa macho. "Mzee wangu akasema hapana. Na mimi sikubishana hata siku moja. Nilienda nikamwambia Wilkista haiwezekani, watu wetu na watu wenu hawachanganyiki. Hakulia. Alinisalimia tu, akaenda kwao."

"Na ndiyo maana hutaki mimi..."

"Ngoja. Nimejiambia miaka hii yote haiwezekani. Sasa wewe ukiolewa na huyu, halafu iwezekane, mkae vizuri, mzae..." Akainyoosha karatasi mezani. "Mimi nitakuwa nilimwacha mtu bure."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mila, na ukoo, na majirani. Sikuwa nimejiandaa kumwonea baba huruma. Nikaenda nikapiga magoti kando ya kiti chake na kuweka kichwa changu kwenye lile koti la matanga, na yeye akanigonga gonga mgongoni kama anavyomtuliza ndama.

"Na Mama?" nikauliza nikiwa pale pale.

"Nilidhani hajui. Asubuhi hii nikamwambia. Akaniambia amejua tangu mwaka wa kwanza. Kumbe nilikuwa nasalimia ng'ombe kwa Kijaluo." Kitu kama kicheko kikamtoka. "Akasema alimshukuru huyo Wilkista, kwa sababu alinipata nikiwa tayari nimefundishwa kusalimia."

Otiende alikuwa amegeukia dirisha.

"Wewe," baba akamwita. "Geuka. Mimi sikukujua. Nilikupa siri kwa sababu nilijua hatutaonana tena. Halafu ukakaa na mtoto wangu na hiyo siri tumboni, na ungeitumia kunishika shingo, hukutumia. Jana umekubali kumkosa."

"Nilikuapia, Mzee."

"Najua. Nilikuwa hapo." Baba akaweka kidole juu ya fomu. "Hii karatasi yako inasema mtu anaweza kutoa maneno yake wakati wowote. Hiyo ni kweli ama mliandika tu?"

"Ni kweli. Yote ama kiasi. Na si lazima utoe sababu."

"Sababu nimeshatoa. Sitaki mtoe yote. Ile ya kibuyu iko sawa, wacha ikae. Toa moja tu." Akanitazama mimi. "Ile ya koito."

Otiende akaja mezani kutafuta kalamu, kwa sababu hata mbingu zikifunguka mtu huyo lazima ajaze fomu kwanza. Mikono yetu ikakutana juu ya karatasi. Nikashika vidole vyake, vyote vitano.

"Nilikosea," nikamnong'oneza. "Nilikuwa nakuadhibu kwa kuwa mtu mzuri."

"Ulikosea," akanong'ona. "Yale mahindi yalikuwa ya watu wawili."

"Nasikia," akasema baba.

Tukaachana mikono. Nikafungua maandishi niliyoanza jana ya namba arobaini na moja, nikaitafuta sentensi ile. Kama bado niko hai, koito yake haitakaliwa na watu wa ziwa. Nikaifuta mwenyewe, herufi moja moja, maana kuifuta yote kwa mara moja nisingeridhika. Chini ya swali la Otiende pakabaki peupe.

"Mzee," Otiende akauliza, kalamu mkononi, "hapo tuandike nini?"

Baba akainuka, akafunga kifungo cha juu ambacho kilikuwa kimefunguka nilipomwegemea.

"Wacha hivyo. Kesho mkija na huyo mjomba wako, kuja na hiyo mashine pia. Utaniuliza hilo swali tena, na mama yake akisikia."

Kisha akampa mkono. Otiende akaupokea kwa mikono miwili, na baba hakuuachilia, si mara hiyo wala muda mrefu baadaye. Nilitazama dirishani. Wanafunzi wote kumi na wawili walikuwa wamejipanga nje ya kioo, wanaandika.